Kupepea Mgongo wa Mashine

Siku ya pili ya juma, Jumanne, tarehe 12 mwezi wa tatu 2002, Beni. Asubuhi ukungu mwepesi, kisha jua lilitoka likakaa palepale. Kufika saa sita mabati ya nyumba yalianza kulia juu ya vichwa vyetu, tai, tai, kama vile mtu anatembea juu yake na viatu. Upande wa Ruwenzori mawingu yalijikusanya, lakini mvua haikushuka.

Naanza na jua sababu jambo ninalotaka kukumbuka ni la joto. Sijui kama nitaliandika vizuri. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa secondaire, na mambo ya mashine niliyajua kwa kusikia na kwa kushika, si kwa kusoma. Mwenye kuyajua zaidi akiona kosa hapa anisamehe. Ajue tu kwamba sikuongeza kitu.

Sisi ni watu wa Butembo. Kule asubuhi mtu anatoka na triko ya sufu, moshi unamtoka kinywani, na ukipita kando ya mikaratusi harufu yake inakuingia mpaka nyuma ya macho. Maji ya kunawa yanauma vidole. Nilipokuwa kule nilinung'unika kila asubuhi. Nilipofika Beni nilianza kuitamani baridi ile kama mwenye mimba anavyotamani udongo. Siwezi kuisema Beni vibaya: watu walitupokea, mihogo yao ni mitamu, na ndizi hazikosekani. Lakini iko chini, na joto lake linalala nawe kitandani. Mashine yetu nayo ilikuwa mtu wa Butembo.

Mashine ninayosema ni kompyuta ya mume wangu. Ilitoka Kampala ndani ya katoni, katikati ya viatu vya mfanyabiashara mmoja. Mume wangu alikuwa na secrétariat ndogo kule Butembo, chumba kimoja kando ya barabara. Aliandika mitihani ya shule, mialiko ya ndoa, matangazo ya kilio. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya roho ilikuwa kwaya ya parokia, aliyoifundisha tangu kabla hatujaoana. Siku alipopata micro ndogo akaanza kushika sauti za wanakwaya ndani ya mashine, ili wajisikie wenyewe pale wanapokosea.

Kazi ile ya sauti ndiyo iliyoichosha. Kuandika, mashine iliandika siku nzima bila neno. Lakini ukiiambia ishike sauti ao iimbe, ubongo wake, kile kipande cha pembe nne wanaita processeur, kilichemka, na kikichemka sana mashine ilijizima yenyewe katikati ya wimbo. Mbele ya ubongo huo kulikuwa na ventilateur yake, feni ile iliyokuja nayo, inazunguka vizuri. Ilijizima tu, hata na baridi yetu.

Siku moja baada ya misa nilimkuta mume wangu ameivua mashine nguo zote. Ule ubao mkubwa wa kijani wenye kubeba vitu vyote, carte-mère, ameulaza juu ya mto wetu wa kulalia. Mkononi ana msumeno wa chuma, anakata bati ambalo ubao ule hufungwa juu yake.

“Baba, unatoboa mashine?” nikamuuliza.

“Naifungulia dirisha.”

“Na ikikufa?”

“Ikikufa nitalima maharagi kwa baba yako. Ngoja kwanza, usilie.”

Akaurudisha ubao, akaiwasha, akaiacha iimbe kidogo, kisha akachukua kiganja changu akakipitisha kwenye lile dirisha, karibu na mgongo wa ubao, palepale nyuma ya ubongo.

“Unasikia?”

“Eh! Ni moto sawa mutoto mwenye malaria.”

“Njo vile,” akakubali. “Mbele banaipepea, nyuma inapikwa.”

Alichukua ventilateur ndogo ya mashine nyingine iliyokufa, akaifunga kwenye dirisha na vipande vya mpira wa baiskeli, ikitazama mgongo wa ubao. Bati la nje la upande ule hakulirudisha tena. Tangu siku ile mashine iliimba mpaka sisi tuchoke. Nilimwona akiichungulia, mkono kwenye mgongo wa mashine, akitabasamu peke yake. Sikumwambia kwamba nilimwona.

Kisha akaitwa aende Kasugho. Kulikuwa na padri mpya wa kupokewa, na kwaya ya huko ilitaka mtu wa kuinyoosha. Alisema wiki mbili. Aliondoka na begi moja na triko ya bluu, akatuachia mashine, mama yake, na mtoto wetu msichana ambaye alikuwa bado kwenye maziwa. Kabla ya wiki mbili kuisha, vita viliingia upande ule. Siwezi kusema ni nani aliyeanza, sababu kila aliyetoka huko alisema lake, na wote walikuwa na hofu. Walichokubaliana ni kwamba watu wengi wa Kasugho waliingia porini, na kwamba wenye kukata pori lile kwa miguu hutokea upande wa Mabalako, kisha wanashuka Beni.

Ndiyo sababu tulihamia Beni. Watu walifikiri tulikimbia vita vya Butembo, na kweli risasi zililia Butembo pia, lakini sisi tulihama ili tuwe karibu na mlango ambao mtu wetu angetokea.

Sasa niseme juu ya mama mkwe wangu na desturi yake, sababu bila hiyo hakuna hadithi. Kwao, mlimani, kitu cha mtu aliye safarini hakiachwi uchi. Kiti chake kinatandikwa kitambaa, viatu vyake vinafungwa ndani ya nguo, hata jembe lake linavikwa majani ya ndizi. Akirudi anafunua mwenyewe. Asiporudi, siku ya kumaliza kilio jamaa wanavifunua vyote pamoja, na hapo ndipo inasemwa kwa kinywa kwamba amekufa. Sijui kama ni desturi ya kabila lote la Banande ao ya mlima wao tu. Kwetu sisi, ambao tumekaa mjini siku nyingi, sikuiona.

Kabla ya kuhama aliivika mashine. Alipoona upande ule hauna bati, na ndani kuna tundu lililokatwa na msumeno, alishika kifua.

“Bamemuachia mashine na kidonda!”

Alikata blanketi, akaishona mara mbili, akaijaza pamba ya mto, akaisukuma ndani ya dirisha mpaka ikabana mgongo wa ubao, kisha akazungusha uzi wa gunia. Sitasema ni yeye peke yake. Blanketi nilitoa mimi, na ile ventilateur ya nyuma niliifungua mimi, sababu ilitokeza na ingevunjika ndani ya lori. Niliitia kwenye soksi. Kwenye bariere moja mizigo yote ilishushwa, na askari mmoja akaitazama mashine ilivyofungwa kama mgonjwa.

“Eza nini oyo?” akauliza kwa Kilingala, ni nini hii.

“Kitu ya mutoto yangu,” mama mkwe akajibu. “Iko na baridi.”

Askari walicheka wakatuacha. Tulipofika Beni soksi haikuwamo. Pengine waliichukua, pengine ilianguka wakati wa kupakia. Sikuona, kwa hiyo simshtaki mtu.

Nyumba tuliyopata ilikuwa ya vyumba viwili, na jirani yetu alikuwa mtengenezaji wa radio. Mtu mnene, mcheshi, aliishi miaka mingi na askari wa kila aina, kwa hiyo Kiswahili chake kilijaa Kilingala. Alikuwa na groupe, jenereta ndogo ya petroli, kwa kazi yake, na mchana alitupitishia waya juu ya ukuta. Tuliwasha mashine kwa sababu moja tu.

Ndani yake kulikuwa na mazoezi ya wimbo wa Pasaka. Wanawake wanaanza, wanaimba muda mrefu. Wanaume wanaingia. Karibu na mwisho sauti moja ya mwanaume inaimba peke yake. Mwenye kuimba sehemu ile alikuwa fundi wa viatu, lakini siku ile ya mazoezi hakuja, na mume wangu aliimba mahali pake. Siku nyingine yeye hakuimba kwenye mashine, kazi yake ilikuwa kupunga mikono. Picha zake tulikuwa nazo mbili. Sauti yake ilikuwa pale tu, mwisho wa wimbo ule.

Na mashine haikufika mwisho. Wanawake walianza, wanaume walivuta pumzi ya kuingia, tii, giza. Tulingoja ipoe, tukaiwasha tena. Safari nyingine ilizimika hata kabla wanawake hawajafungua kinywa. Tulijaribu kuruka mbele kwa ile panya yake, ikaganda, kisha ikazimika. Mama mkwe alikuwa anakaa mbele ya kioo na rozari mkononi, na kila ikizimika alisema neno lilelile:

“Bamemufunga kinywa tena.”

Mtengenezaji wa radio alikuja na tournevis, bisibisi zake. Alikuwa mkweli, nampa sifa hiyo. “Mama wa mutoto, radio najua sawa mukono yangu. Hii mashine naijua kwa kusalimiana.” Alifungua upande wa mbele, akasafisha vumbi la safari, akapaka dawa mpya katikati ya ubongo na chuma chake cha kuupoza. Ventilateur ya mbele ilizunguka bila kosa. Kisha tukaiwasha, na wanaume hawakuingia.

Akaniambia kuna njia nyingine: kuitoa ile disque yenye kumbukumbu na kuipeleka kwenye bureau moja mjini ambako kulikuwa na mashine nyingine. Pengine ingefaa. Lakini roho yangu ilikataa kabisa. Nilishaona vitu vingi vikitoka nyumbani kwenda kutengenezwa kidogo na visirudi.

Basi siku ile ya pili, tarehe 12. Tulijaribu kabla ya saa sita, na mashine ikafa mapema kuliko siku zote. Mtengenezaji alikuwa amesimama kwenye mlango, anajipepea na kofia. Mimi niliishika mashine niisogeze kutoka kwenye dirisha la chumba, sababu jua lilikuwa limefika juu ya meza. Mkono wangu wa kushoto ulipita chini ya blanketi, nyuma, nikauvuta kwa haraka. Palikuwa panaungua kama chini ya sufuria.

Hapo nikakumbuka kiganja changu na mkono wa mume wangu ukikishika. Nikasimama tu.

“Mama wa mutoto, umeona nyoka?” akauliza mtengenezaji.

“Mbele inapepewa,” nikasema, “nyuma inapikwa.”

Nikamwonyesha. Akatia vidole, akapiga filimbi. “Kumbe! Hii pamba imekaa juu ya mugongo ya carte-mère, palepale nyuma ya processeur. Ni kuivika manteau ya baridi ku jua ya Beni! Toa hii kitu, mama. Toa tu, itaimba mpaka Pentekoste.”

Mama mkwe alikuwa bado kwenye kiti chake. Hakugeuka.

“Hapana.”

“Mama,” nikasema, “ni kitambaa njo kinaiua. Tutoe, tusikie, kisha turudishe.”

“Nimesema hapana. Siku ile kitatoka, njo siku tutalia. Weye unataka tulie leo?”

“Hapana, mama.”

“Basi acha kitu ya mutu.”

Mtengenezaji alijaribu kumlainisha, akimwita bibi kwa Kilingala. “Koko, ata padri anavua kanzu ya misa kama anaenda kulala. Hapana kusema alikufa.”

“We nyamaza. Radio zako zote zinasema na mafua.”

“Ah, koko, unaniua mbele ya bateja!”

“Bateja wako wapi? Naona kuku tu.”

Mtengenezaji alicheka, mimi pia nilitaka kucheka, lakini nilimwona mama mkwe anavyoshika ushanga mmoja wa rozari bila kuupitisha. Nilimwomba mtengenezaji arudi baadaye.

Nilichukua bidoni nikaenda kuchota maji, na njiani nilimchukia mama mkwe kidogo. Niandike hivyo, sababu ni kweli. Nilijiambia: ni mume wangu pia. Mimi ndiye niliyelala kando yake. Kitambaa kile kinanizuilia kitu kimoja tu ninachotaka katika dunia hii, na kinachonizuia ni uzi wa gunia. Ningeweza kuukata usiku. Kisha, nikingoja zamu yangu kwenye bomba, niliangalia upande mwingine. Yeye alimzaa. Wanawake wengine wa rika lake walishafunua viti na viatu, wakalia, wakaanza kupumzika. Yeye alikuwa bado amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Nikimvua hicho kwa nguvu, nitapata wimbo, naye atapata maiti. Nilipima nikaona si sawa. Hata hivyo hamu haikutoka. Nilibeba bidoni na hamu yangu, vyote viwili vizito.

Niliporudi nilimkuta amesimama nyuma ya meza. Mkono wake ulikuwa chini ya blanketi. Mashine ilikuwa imezimwa tangu muda mrefu, lakini kwa jua lile mgongo wake ulikuwa haujapoa. Aliuacha mkono pale, uso wake umeinama upande, kama anavyofanya akipima homa ya mtoto kwenye mbavu.

“Inaungua,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Wiki iliyopita, mutoto alipoungua, ile muforomo alisema nini?”

Muuguzi wa dispensaire, ndiye aliyemaanisha. Mtoto alishikwa na malaria, na mama mkwe, kama wazee wote wa kwetu kwenye baridi, alimfunika blanketi mbili na shuka juu, mpaka mtoto akaanza kutetemeka. Muuguzi alimfunua mwili wote, akampangusa na maji, na mama mkwe alilalamika njia yote ya kurudi kwamba wamemwanika mjukuu wake kama muhogo.

“Alisema tumufungue,” nikajibu.

“Na hakukufa.”

“Hakukufa, mama. Yuko pale anakula udongo.”

Aliutoa mkono, akautazama.

“Nilimufunika mutoto nikamupika. Na hii pia.” Kisha akasema haraka, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo: “Leta wembe. Lakini sikia. Hatufunue na kuondoka. Ile wakati iko wazi, mutu atakaa na yeye, amupepee. Kitu chenye kupepewa haiko uchi. Iko mgonjwa tu.”

Nilileta wembe.

Alikata uzi wake mwenyewe, mshono kwa mshono, akizikusanya nyuzi kwenye kiganja ili zisipotee. Pamba ilitoka imekauka, na katikati yake palikuwa na alama ya rangi ya chai, pembe nne, kama pale mtu ameweka pasi. Aliikunja, akaiweka kwenye mapaja yake, si chini. Dirisha likaonekana, na mgongo wa ubao, nukta nyingi za risasi ya kulehemu zinang'aa. Nilikumbuka sauti ya msumeno.

Mtengenezaji aliitwa. Akaleta waya, akaleta pia radio-cassette yake kubwa, akaitegesha karibu na spika za mashine. “Ikishika, imeshika,” akasema. “Kaseti hapana ogopa joto.”

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda nyuma ya meza, mahali hata kioo haoni. Mkononi alishika lungo, ile tunayopepetea mchele. Nikawasha. Akaanza kupepea, pole, kwa mikono miwili, upepo unaingia dirishani na kupiga mgongo wa mashine. Pa. Pa. Pa.

Wanawake walianza. Nilikuwa mmoja wao, siku ile ya mazoezi, mstari wa pili, na nilisikia kikohozi ambacho pengine ni changu. Nilitia kiganja kwenye dirisha. Palikuwa na joto, lakini joto la mtu mzima, si la homa. Wanaume walivuta pumzi. Sisi sote watatu tuliacha kupumua. Waliingia.

“Eh!” mtengenezaji alipiga mkono kwenye paja.

“Nyamaza,” mama mkwe akasema, hakuacha kupepea.

Sijui ilikuwa lungo, ao ni kutoa ile pamba tu, ao ni wingu lililopita mbele ya jua saa ile. Mtengenezaji alisema ni vyote. Mimi naandika vyote.

Wanaume waliimba, wanawake wakarudi, kisha wote wakanyamaza, na sauti moja ikatoka peke yake.

Nilikuwa nimeingoja sana hata sikuitambua. Lazima niseme ukweli huo. Kwa pumzi chache nilifikiri, huyu ni fundi wa viatu, tumekosea siku. Ilikuwa nyembamba kuliko niliyoibeba kichwani. Ndani yangu sauti yake ilikuwa imenenepa kwa muda wote ule wa kuikumbuka. Kisha alifika kwenye neno moja la Kinande ambalo yeye hulivuta kidogo chini, na nikashika ukingo wa meza.

Nilimtazama mama yake. Alikuwa amefumba macho, mikono inaenda, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

“Anaimba na njaa,” akasema.

“Mama?”

“Sikia pumzi. Anakata mbele ya mwisho. Tangu utoto njo vile, kama hajakula anakata. Siku ile haukumupa kitu?”

Nilijaribu kukumbuka. Ilikuwa asubuhi ya mazoezi, alitoka mapema, mimi nilikuwa na mtoto. Pengine alikunywa chai. Pengine hapana. Nilitaka kujitetea, kisha nikaona kwamba kwa muda ule mdogo alikuwa mtu anayeweza kulaumiwa kwa kuondoka bila kula, na mimi mke anayeweza kugombezwa kwa hilo, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka.

“Sikumbuki, mama. Alikuwa na haraka.”

“Siku zote haraka.”

Wimbo uliisha. Viti vilikwaruza. Kisha, karibu kabisa na micro, sauti ile ikawaambia wanaume wa sauti nzito, bila kuimba: “Bon. Turudilie. Babass, munalala.” Mtu alicheka. Ikawa kimya.

Mashine haikuzimika. Ilikaa pale, inanguruma polepole, na mama mkwe aliendelea kupepea hata baada ya mimi kuizima, mpaka alipojiridhisha kwa mkono kwamba imepoa. Kisha akatia uzi kwenye sindano, akairudishia kitambaa chake. Safari hii hakujaza pamba. Alishona shuka nyepesi tu, akaiacha mbali na dirisha, upepo upite.

Kaseti ninayo. Nimerudi Butembo, nina triko yangu, na maji ya asubuhi yanauma vidole kama zamani. Mashine ilikufa baadaye kwa ugonjwa mwingine, ambao kupepea hakuusaidii, na mama mkwe amelala Beni, kaburi lake linatazama barabara ya Mabalako, kama alivyoomba. Mume wangu hajarudi. Vitu vyake sijavifunua. Sijui kama ni imani ao ni woga, na wakati mwingine najiuliza kama namtendea haki kwa kutomlilia. Nikiweka kaseti ile, kitu cha kwanza ninachosikia si kwaya, ni lungo. Pa, pa, pa, kubwa kuliko wimbo wote, sababu mtengenezaji aliitegesha radio karibu mno na kigoda cha mama. Sauti ya mume wangu iko nyuma yake, mbali, kama mtu anayeimba upande wa pili wa mvua. Zamani lile pigo lilinikera. Sasa nawatamani wote wawili kwa mara moja, na sitaki mmoja atoke ili nimsikie mwingine vizuri.

Siku ile ya kupepea mama mkwe hakuniacha nipike. Alisema mtu ameimba na njaa, haifai nyumba ilale na chakula kidogo. Alisonga mwenyewe, bugali ya muhogo nyingi kuliko vinywa vyetu, na sahani iliyobaki tulimpa mtengenezaji wa radio, akaimaliza. Tulikula bugali hiyo na sombe, majani ya muhogo yenye mawese, na ndagala, dagaa wachache wa kukaanga.